Prosesa ya seva ya mbali ikikokota, tafuta aliyeishika breki

Seva ya Linux ikiwa mbali husikii feni zake zikivuma wala huwezi kuigusa uone kama inachemka. Umebaki na SSH tu, yaani njia ya kuiamrisha kwa maandishi kupitia mtandao. Mimi huanza kwa kuipa kazi, maana prosesa iliyokaa bure kushusha kasi si ugonjwa. Terminali moja:

`openssl speed -multi $(nproc) sha256`

Nyingine:

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Namba zikipanda, iache prosesa, katafute kwenye diski au programu yenyewe. Zikigoma, soma gavana, yaani kanuni inayopanga kasi:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`

Folda hiyo isipokuwepo, yaelekea uko ndani ya mashine pepe (VM, kompyuta ya programu ndani ya kompyuta halisi) na kasi inapangwa na mashine mama, yaani hiyo halisi. Tazama `st` (muda uliosubiri prosesa) kwenye `top`: ikiwa kubwa, majirani, yaani mashine pepe nyingine, wanakula zamu yako, na hapo ni kuzungumza na mwenye seva.

Ukikuta `powersave`, usiihukumu haraka. Soma kwanza faili ya `scaling_driver` iliyo papo hapo, inayotaja draiva ya kuendesha kasi. Kwa draiva ya `intel_pstate` jina `powersave` linapotosha watu, kasi hupanda tu mzigo ukija. Kwa `acpi-cpufreq`, kweli prosesa imebanwa chini kabisa. Linganisha pia `scaling_max_freq` (kasi ya juu inayoruhusiwa) na `cpuinfo_max_freq` (kasi ya juu inayowezekana); huenda kuna mtu aliweka kikomo akasahau. Kubadili gavana:

`sudo cpupower frequency-set -g performance`

Seva ikiwashwa upya, badiliko hilo hupotea.

Kuna seva ilinikesha. Kila kiini MHz 800, gavana `performance`, mzigo umejaa, namba hazitikisiki. Nikasoma `thermal_throttle/core_throttle_count`, idadi ya mara kiini kimejibana kwa joto; joto halikuwa na neno. Kulipokucha ndipo nikakumbuka kuuliza vyuma vyenyewe:

`sudo ipmitool sdr type "Power Supply"`

Pawa saplai mbili, moja imekufa! Seva ilikuwa imejibana yenyewe isiizidie iliyobaki. Fundi wa kule alipochomeka nyingine, namba zikaruka hata kabla hajanipigia simu. Siku hizi amri hiyo naitoa mapema, kabla sijagusa gavana.

Vyote vikiwa salama, imebaki BIOS (mipangilio ya seva kabla Linux haijaanza), kwenye sehemu ya matumizi ya umeme. Ila usiwashe seva upya kabla ya kuhakikisha konsoli ya BMC, kidhibiti kidogo kinachokuonyesha skrini ya seva kutoka mbali, inafunguka, kwa sababu SSH haifiki kwenye BIOS.