Alifu kwa Kijiti: Kusoma Taaluma za Kiyahudi Ukiwa Ughaibuni

“Mwanangu, kwani umehama dini?” Ndilo swali alilonipiga nalo shangazi kutoka Mombasa nilipomwambia kwenye simu kuwa nasoma Kiebrania. Nawe ukichagua taaluma hii utaulizwa hivyo hivyo, msikitini, kanisani na hata kazini kwenye shifti ya usiku, kwa hiyo weka jibu fupi mfukoni. Langu lilikuwa kwamba anayesoma historia ya Misri ya kale haabudu jua. Idara za vyuo vya kawaida hazimuulizi mtu dini yake, na darasani Mwislamu na Mlokole huketi meza moja na Myahudi na asiyeamini chochote.

Wengi huanza kwa kutafuta chuo. Mimi nasema anza na lugha, maana ndiyo itakayokuamulia chuo. Na hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao mara nyingi hajui kuwa anao.

Sema kwa sauti: esrim, shloshim, arbaim, hamishim, shishim, shivim, shmonim, tishim. Hiyo ni ishirini hadi tisini kwa Kiebrania. Mia ni mea, elfu ni elef. Damu ni dam, roho ni ruah, nafsi ni nefesh, malaika ni malakh, zamani ni zman. Usije ukamwambia mhadhiri kuwa Kiswahili kimetoka kwa Kiebrania. Wako wanaodai hivyo mtandaoni, na utachekwa. Maneno haya yalitufikia kwa njia ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Lakini kwa mtihani wa msamiati wa wiki ya tatu, undugu huo unatosha.

Herufi ni 22, husomwa kutoka kulia, na irabu zake ni vidoto na vijistari juu na chini ya herufi. Kama utotoni ulipita kwa mwalimu wa Kurani, alefu, beti, gimeli na daleti hazitakutisha: ni alifu, be, jimu na dali. Kama ulilelewa na Biblia, fungua Zaburi ya 119. Ina mafungu 22 ya aya nane nane, na katika Kiebrania kila aya ya fungu huanza na herufi ya fungu hilo. Uliza mapema kama kozi ni ya Kiebrania cha Biblia au cha leo, kwani ni masomo mawili tofauti, na anayelenga Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa sheria na mijadala ya marabi, atahitaji Kiaramu pia.

Aliye Ujerumani, Austria au Uswisi na Kijerumani chake kimeshakaa vizuri, aangalie Kiyidishi. Ni lugha yenye asili ya Kijerumani iliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania, na kabla ya Vita Vikuu vya Pili ilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 10. Leo utaisikia mitaani Stamford Hill, London, na Brooklyn. Yiddish Book Center ya Amherst, Massachusetts, iliyoanzishwa 1980, imeweka maelfu ya vitabu mtandaoni bure.

Ila ningekuwa naanza upya, nisingehangaika. Ningekwenda moja kwa moja kwenye Kiarabu cha Kiyahudi, yaani Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Sisi ambao mababu zetu waliandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hatuhitaji kuelezwa jinsi lugha inavyoazima nguo za jirani. Hazina yake kubwa ni Geniza ya Cairo, chumba katika sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, la Ben Ezra huko Fustat, Cairo ya kale, ambamo karatasi zilizochakaa ziliwekwa zisitupwe, kwa kuwa huenda zilikuwa na jina la Mungu. Solomon Schechter alizihamishia Cambridge 1896 na 1897, na leo maktaba ya chuo hicho ina vipande takriban 193,000. Humo mna vitabu vya sala, lakini pia hati za ndoa, madeni, na barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Mmoja wao, Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Mahdia nchini Tunisia, alikaa pwani ya Malabar, India, kuanzia miaka ya 1130 hadi 1149, akiandikiana na washirika wake wa Aden kuhusu pilipili, chuma na vyombo vya shaba. Safari zao zilisubiri pepo za msimu, zile zile tunazoziita kaskazi na kusi. Picha za hati nyingi zimo kwenye Cambridge Digital Library, bila malipo.

Mahali pa kujaribu bila kuacha kazi ni Oxford School of Rare Jewish Languages. Tangu 2021 inafundisha Kiarabu cha Kiyahudi, Kiladino (Kihispania cha Wayahudi), Kiyidishi na nyingine mtandaoni, bure, ila nafasi huombwa. Ukitaka shahada kamili London, chuo cha UCL (University College London) kina idara ya taaluma hii. Kiebrania kilianza kufundishwa hapo 1828, wakati Oxford bado ilidai kiapo cha Kianglikana, sharti lililofutwa 1871.

Ada ndiyo inayovunja wengi. Uingereza, mwenye makazi ya kudumu aliyekaa nchini miaka mitatu kwa kawaida huhesabiwa mwenyeji na anaweza kuomba mkopo. Wa viza ya masomo hulipa mara mbili hadi tatu ya ada ya mwenyeji. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, isipokuwa hasa jimbo la Baden-Württemberg, ambako wasio wa Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Marekani, tafuta nafasi ya shahada ya uzamivu (PhD) yenye posho kabla ya kujitia deni la uzamili. Na tusidanganyane kuhusu kazi: wahitimu huishia maktaba, nyaraka, makumbusho na ualimu. Ukiunganisha na historia au sheria, unapumua zaidi.

Kwa tasnifu, nyumbani kuna mada. Abayudaya wa Mbale, Uganda, walimfuata kiongozi wao Semei Kakungulu katika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Mwenye Kiganda au Kigwere anaweza kuwahoji wazee bila mkalimani. Upo pia ule uitwao Mpango wa Uganda wa 1903, ambapo Waingereza walipendekeza kuwapa Wayahudi makazi Afrika Mashariki, na ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Nyaraka za Wizara ya Makoloni ya Uingereza ziko kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka, Kew, London.

Darasani mjadala wa Israeli na Palestina utafika, na sauti zitapanda. Zungumza, lakini uwe umesoma hati zenyewe.

Siku moja utatembelea sinagogi. Andika barua pepe kabla, beba kitambulisho, maana mlangoni kuna ulinzi. Jumamosi, siku yao ya Sabato, zima simu na usiandike kitu humo ndani. Wanaume hufunika kichwa, na kofia yako ya mkono ya Lamu inafaa kabisa.