Ua wa Kuzuia Macho: Chagua Mmea Wako Wakati wa Kiangazi

Watu wengi huchagua mmea wa ua wakati wa mvua, kitaluni, kila kitu kikiwa kijani. Kosa huanzia hapo. Kama unataka ua utakaositiri baraza, bafu na jiko la nje mwaka mzima, subiri kiangazi kikolee, Septemba au Oktoba, kisha tembea kando ya makorongo na kwenye vichaka visivyomwagiliwa na mtu. Tazama ni kichaka kipi bado kina majani, na majani yenyewe yameanzia wapi: chini kabisa au kiunoni? Kinachobaki kimefunga hadi chini ndicho cha kutafutia mbegu.

Nasisitiza hili kwa sababu ua wa kuzuia ng'ombe na ua wa kuzuia macho ni vitu viwili tofauti. Kwenye maeneo makame kama Dodoma, mbambara (Commiphora africana) ni ua wa kuaminika: unakata fimbo, unachomeka, inachipua. Lakini hupukutisha majani na kubaki fito tupu kwa miezi mingi. Mkwamba (Flueggea virosa), ambao watoto na ndege hupenda matunda yake meupe, nao hupukutika.

Mnyaa (Euphorbia tirucalli) hubaki kijani hata kwenye ardhi mbaya, na wafugaji wamezungushia maboma yao kwa mmea huo tangu zamani. Kwa uwanja wa nyumba ambako watoto wanacheza, mimi siushauri. Utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya, na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Kama unao tayari, vaa miwani ya kazi na glavu unapoupogoa. Ukirukiwa jichoni, osha kwa maji safi mengi mfululizo, kisha wahi kituo cha afya.

Kwa nyanda za juu na maeneo ya mvua za wastani, chaguo langu la kwanza ni kuchanganya mimea miwili. Mmoja ni Dodonaea viscosa, ambao Pwani huitwa mkaa-pwani: hukua haraka, haupukutiki, huvumilia ukame na hupenda kupogolewa. Wa pili ni mtandamboo (Carissa spinarum), wenye miiba, maua meupe yanayonukia na matunda yanayoliwa yakishaiva na kuwa meusi. Wa kwanza hukupa kimo mapema. Wa pili huenda polepole lakini huziba chini, mahali ambapo mbuzi na mbwa hupenyea.

Tahadhari moja kuhusu mtandamboo. Una ndugu anayefanana naye sana, mti wa sumu ya mishale (Acokanthera). Majani yamekaa mawili mawili vilevile, maua yananukia vilevile, matunda ni ya zambarau iliyokolea, na vyote vina utomvu mweupe. Tofauti ya kuangalia ni miiba: mtandamboo unayo, mti wa sumu hauna. Usichukue mbegu kwenye mti ambao hujaugusa ukachomwa.

Majina nayo hupotosha. Ukiagiza "michongoma" utaletewa chochote chenye miiba, mara nyingi mimea ya mbali. Nenda kitaluni na tawi mkononi. Lantana ikataeni kabisa: ilitoka Amerika ya kitropiki, huvamia malisho na huwadhuru ng'ombe wanaoila.

Kuchanganya kuna sababu nyingine. Kidukari wa saipresi, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mti, alipoonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, nyua nyingi za saipresi tupu zilikauka. Na mti kuwa wa asili pekee si kinga, kwani mtarakwa wetu wa milimani naye alishambuliwa. Ua wenye mimea miwili au mitatu haufi wote kwa pigo moja.

Chimba mtaro wa kina cha sentimita 40 hivi, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha panda miche mvua zikishakolea. Kwa sitara nzito weka mistari miwili, miche ikipishana, sentimita 50 kati ya mche na mche. Zungushia matawi ya miiba mpaka miche ikomae, maana mbuzi mmoja humaliza kazi ya msimu mzima kwa asubuhi moja.

Sasa jambo ambalo watu huona uchungu kulifanya: mche ukifika magotini, ukate ncha. Ukiuacha urefuke kwanza, utapata majani juu na uwazi chini, na uwazi huo hauzibiki baadaye kirahisi. Kata tena kila unapoongezeka urefu wa shibiri. Ua uwe mpana chini kuliko juu ili jua lifike kwenye majani ya chini.

Panda ndani ya mpaka wako, angalau nusu mita hadi mita moja, upate pa kupita na panga bila kukanyaga mahindi ya jirani. Wachaga wa Kilimanjaro huweka masale (Dracaena) kwenye mipaka, na kuyang'oa ni kosa zito; jani lake hilohilo hutumika kuombea radhi. Nawe pembe za kiwanja ziwekee alama kwanza, jirani akiwepo, ndipo uanze kuchimba mtaro.