Maveterani uwanjani: fundisha shingo kabla ya miguu

Baada ya miaka 40 kasi hupungua na mwili hukawia kuitikia, ila uzoefu wa kusoma mchezo hauishi upesi. Mchezaji wa maveterani anayepokonywa mpira kila mara huwa ameupokea bila kujua nani yuko mgongoni kwake. Anza na hilo, mara tu baada ya kupasha mwili moto kwa dakika 10 hadi 15. Usisubiri mwisho wa mazoezi; aliyechoka hutazama mpira tu.

Mpokeaji asimame katikati. Mita 10 mbele yake awepo mpiga pasi, na mita 6 nyuma yake msaidizi mwenye vizibao viwili, cheupe na cha chungwa. Mpiga pasi akivuta mguu, msaidizi ainue kimoja. Mpokeaji ageuze shingo mpira ukiwa njiani na ataje rangi kwa sauti kabla ya kuugusa. Nyeupe: ageuke nao. Chungwa: aurudishe kwa mguso mmoja. Pasi 8, kisha wabadilishane nafasi, raundi 3.

Kutaja rangi kuna maana yake. Wengi hugeuza shingo kwa mazoea tu na hawaoni kitu. Wengine huchelewa, mpira ukiwa tayari mguuni. Hapo ongeza umbali wa pasi hadi mita 14, usimgombeze. Msaidizi naye asifuate zamu, maana wakongwe hukariri mpangilio haraka sana.

Rangi zenyewe zina uzito. Lenzi ya jicho huwa na umanjano kadiri umri unavyosogea, hivyo bluu na kijani huchanganya, hasa jioni. Miwani yenye sehemu ya kusomea chini nayo hutia ukungu mpira ulio miguuni. Ya kuonea mbali pekee inafaa zaidi.

Akipata 7 kati ya 8, ondoa vizibao na uweke beki halisi, anayesogea au kubaki. Akipata chini ya 5, punguza kasi ya pasi. Kisha nendeni kwenye wanne kwa wawili (wanne wanapasiana, wawili wanawania mpira), mraba wa mita 10, kila mmoja miguso miwili tu, dakika 2 za kucheza na 2 za kupumzika. Taa za kugusa, zile zinazowaka ili mchezaji aziguse haraka, na michezo ya simu ya kunoa macho humfanya mtu hodari wa taa na simu. Uwanjani faida yake ni ndogo.

Na kocha asipige kelele "geuka!" Akishaambiwa jibu, mchezaji haamui chochote. Simamisha mchezo, muulize aliona nani, kisha mwendelee.