Ukikosa kura kanisani, fanya hivi

Nilikuwa mzee wa kanisa miaka minane. Jumapili ya uchaguzi kura za mtaa wetu zikahesabiwa nikiwa pale pale: mimi 19, kijana niliyemfundisha kipaimara 41. Nakuandikia wewe uliyekataliwa na watu mnaokaa nao benchi moja, maana hao ndio wanaouma.

Siku hiyo usikimbie. Miguu yangu ilikuwa imeshaelekea getini, nikajizuia hadi mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka. Ilipofika trei ya mayai nikainunua, nikamkabidhi mshindi mkononi: "Hongera mwanangu, Bwana akutie nguvu." Ishia hapo. Usiongeze kwamba hata hivyo ulikuwa umechoka. Si kweli, na yeye anajua.

Jioni weka simu mbali. Usijitoe kwenye kundi la WhatsApp, wala usipokee wanaotaka kukutajia nani alikugeuka. Zaburi ya 62 inatuambia tuifunue mioyo yetu mbele za Mungu, basi mlilie yeye. Mimi nililia kwa sauti mpaka maharage yakaungua jikoni.

Ukitulia, soma Matendo ya Mitume sura ya 1. Nafasi ya Yuda iko wazi, wamesimamishwa wawili, Mathiya na Yusufu aitwaye Barsaba. Wote wameandamana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana. Kura ikamwangukia Mathiya. Hakuna palipoandikwa kwamba Yusufu alikuwa na kosa. Nilikaa na mtu huyu wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzihesabu zile 41 kama hukumu ya Mungu juu yangu.

Kisha kabidhi kazi, na ukabidhi yote. Daftari la bahasha na ufunguo wa kabati ni rahisi. Kazi iko kwenye yale uliyoyabeba kichwani: bibi wa bondeni asiyesikia hodi, mpaka ugonge dirisha la nyuma, mjane ambaye Januari humgusii ahadi yake ya sadaka kwa kuwa ana ada za watoto watatu, mzee anayekataa kuombewa ila ukimwimbia kwanza anaitikia. Ukimficha mwenzako hayo, unaowaadhibu ni wao. Nilimtembeza kijana nyumba kwa nyumba Jumamosi mbili, na kwa bibi nikamwacha agonge mwenyewe.

Baadaye mtafute mtu mmoja anayekupenda na asiyekuogopa, umuulize kwa nini. Wifi yangu aliniambia: "Ulikuwa unasoma majina ya wasiomaliza ahadi mbele ya jumuiya." Hilo liliniuma kuliko kura zenyewe. Nikaenda kwa wawili kati yao kuomba radhi. Mmoja alinikaribisha chai, mwingine alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

Na kama umeonewa kweli, kura zimechezewa, usidhani neema ni kunyamaza. Mathayo 18:15 inakutuma kwa aliyekukosea, wewe na yeye mkiwa peke yenu, kabla hujafika kwa mchungaji.

Jumapili inayofuata nenda ibadani. Wakati wa sadaka mikono itakosa cha kushika, uvumilie. Mimi nilikaa benchi la tatu kutoka nyuma. Kijana alikuja na kikapu hadi mwisho wa benchi letu. Nikatia bahasha yangu, nikakisogeza kwa mama wa pembeni.