Namna ya Kukuza Gereji Ndogo Bila Kujaza Magari Uwanjani

Wamiliki wengi wa gereji ndogo hupima ukuaji kwa kuhesabu magari yaliyoegeshwa uwanjani, ilhali gari lililolala wiki nzima likisubiri kipuri haliingizi chochote, tena linaziba nafasi ya jingine ambalo lingetengenezwa na kulipiwa siku hiyo hiyo. Kinachopaswa kuhesabiwa ni magari yanayotoka yakiwa yamepona na yasirudi na ubovu ule ule. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta eneo kubwa zaidi, tengeneza kwanza namna unavyopokea gari na namna unavyotafuta ubovu.

Kila gari lifunguliwe kadi ya kazi yenye namba ya usajili, kilomita zilizosomeka, kiasi cha mafuta, michubuko iliyopo kwenye bodi, taa za tahadhari zinazowaka, na malalamiko ya mteja kwa maneno yake mwenyewe. "Linagonga nikikata kona kulia" ni maelezo yenye manufaa kuliko "angalia mbele", kwa sababu fundi akiyasoma ataanza na jointi ya ekseli au beringi ya gurudumu badala ya kufungua kila kitu. Mteja atie sahihi. Ikigundulika kazi ya ziada, apigiwe simu kwanza, na saa aliyokubali iandikwe kwenye kadi hiyo hiyo, maana ugomvi mwingi wa bili huzaliwa hapo.

Katika kutafuta ubovu, pima kabla ya kubadilisha. Chukua gari ambalo haliwaki asubuhi. Fundi mwenye haraka huuza betri mpya, na baada ya siku chache gari hurudi likivutwa. Fundi makini hupima kwanza: betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takribani volti 12.6, na injini ikiwaka, katika magari mengi altaneta, yaani mashine inayochaji betri, husukuma kati ya volti 13.5 na 14.5. Vipimo hivyo vikiwa sawa, hupima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na kompyuta zake zimelala, ambao kwa kawaida hauzidi miliampia 50. Taa ya buti ya wati 5 ambayo swichi yake imekwama huvuta karibu ampia 0.4, na inaweza kumaliza betri ya ampia-saa 50 kwa takribani siku tano bila dereva kuiona. Tiba ni swichi, si betri. Mita ya kupimia hayo yote ni kifaa cha bei ndogo, na nionavyo mimi, vifaa vya kupimia vinunuliwe kabla ya lifti ya kuinulia magari.

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari nayo isiaminiwe kupita kiasi. Msimbo wa hitilafu P0171 husema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hausemi kwamba sensa, yaani kifaa cha kuhisi, imekufa. Mara nyingi mkosaji ni mpira wa kupitisha hewa ya injini uliopasuka.

Sasa bei, ambako gereji nyingi hujinyonga zenyewe. Fundi anayeshinda kazini saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ana saa 48, lakini ukitoa muda wa kufuata vipuri, kusafisha na kusubiri, pengine zinabaki 30 anazoweza kumtoza mteja. Ukigawa gharama zako, yaani kodi ya eneo, umeme, mishahara na uchakavu wa vifaa, kwa saa 48 badala ya 30, bei yako ya saa moja itarudisha asilimia 62.5 tu ya gharama hizo. Vivyo hivyo, kipuri ulichonunua kwa 100 na kukiuza kwa 125 hakikupi faida ya robo ya mauzo, bali asilimia 20. Kwa vipuri ghali, omba malipo ya awali. Mtaji wako usigeuke mkopo wa wateja.

Matangazo yana nafasi yake, ila kadi za zamani zina wateja wanaokujua tayari. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya takribani miaka 2, hivyo tarehe iliyo kwenye kadi inakupa sababu ya haki ya kumpigia mtu simu.

Fundi wa pili aajiriwe pale kadi zinapoonyesha, kwa miezi kadhaa mfululizo, kwamba magari yanasubiri kwa kukosa mikono na si kwa kukosa vipuri. Aanze na huduma za kawaida na breki, na gari lolote alilolifungua magurudumu lisitoke getini kabla ya mwenzake kukagua nati kwa spana ya kupimia mkazo na kutia sahihi kwenye kadi.