Mafuta ya langilangi na kikuba: zawadi ya siku ya kuzaliwa ya kutengeneza nyumbani

Anayetaka kumtengenezea sahibu yake zawadi ya siku ya kuzaliwa na ahesabu kwanza siku zilizobaki, kabla hajachagua cha kutengeneza. Kofia ya viua inayoshonwa kwa sindano hula wiki nyingi hata mikononi mwa aliyeizoea kazi hiyo, kwa hiyo ikiwa zimebaki wiki mbili tu, usijisumbue kununua bafta na nyuzi. Halua nayo ni kazi ya mafundi wenye masufuria makubwa na mikono isiyochoka kukoroga, na kuinunua si aibu.

Ikiwa zimebaki siku kumi hivi, zawadi ninayoipendekeza kuliko zote ni chupa ya mafuta ya nazi yaliyotiwa langilangi, yaani maua yenye harufu nzuri ya mti wa mlangilangi, kwani mahitaji yake hupatikana Unguja na Pemba bila ya gharama kubwa, na aliyepewa huyatumia kwa nywele na kwa mwili hadi tone la mwisho. Chagua nazi tano zilizokomaa vizuri, ambazo ukizitikisa utasikia maji yakicheza ndani. Koroma halifai, kwa sababu tui lake lina maji mengi na mafuta machache. Zikune kwa mbuzi, utie maji ya vuguvugu kidogo tu, kisha ukamue kwa kifumbu upate tui zito. Chicha waweza kukikamua mara ya pili, lakini ya tatu haina faida, kwani itakuongezea muda wa kupika bila ya kukuongezea mafuta ya maana.

Teleka tui katika sufuria pana yenye kitako kizito, juu ya moto mdogo, ukikoroga kila mara lisishike chini. Mwanzoni litachemka kwa kelele, baadaye litakatika, mafuta yaelee juu, na mashapo yaanze kugeuka rangi ya dhahabu. Hapo sikio lina kazi kubwa kuliko jicho: maji yanapomalizika, mlio wa kuchemka hufifia, na hiyo ndiyo alama ya kuepua. Ukisubiri mpaka mashapo yawe meusi, mafuta yatanuka kuungua, na hakuna ua litakaloweza kuificha harufu hiyo. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu.

Maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri, yakiwa yamekwisha kutoka katika rangi ya kijani na kuwa manjano, kwani wakati huo harufu yake imekamilika na jua halijaipunguza. Yatandaze kivulini juu ya ungo kwa siku nzima ili yanyauke na kutokwa na maji, ndipo uyatie ndani ya mafuta. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, nami niliwahi kuiruka: maua mabichi yaliacha maji chini ya chupa, mafuta yakachacha kabla ya mwezi kwisha, na shoga yangu, kwa uungwana wake, hakunambia kitu mpaka nilipoiona chupa mwenyewe, imewekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Baada ya siku tatu yachuje, utie maua mengine yaliyonyauka, uyaache siku tatu tena.

Usitarajie ukali wa mafuta yanayotolewa kwa mvuke, kama yale ya karafuu ya kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kule Wawi, Pemba. Ukiwa nayo na ukataka kuyachanganya, matone mawili au matatu yanatosha chupa nzima, kwa sababu yakizidi huwasha ngozi. Chupa iwe ya kioo, ioshwe kwa maji ya moto na ianikwe mpaka ikauke kabisa. Mwambie pia mwenye zawadi kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, asije akadhani yameharibika akiyakuta meupe asubuhi ya kipupwe.

Kikuba, yaani kishada kidogo cha maua ya kunukia ambacho mwanamke hujipamba nacho, hutengenezwa siku yenyewe, au usiku wake. Chuma asumini jioni zikiwa bado matumba yaliyofumba, kwa sababu hufunguka usiku, na kikuba kilichoshonwa kwa maua yaliyokwisha kufunguka hunyauka kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Tunga matumba hayo kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba, ukizungushia majani ya mrehani na petali za waridi, kisha nyunyiza marashi kidogo, ukifunge katika jani la mgomba na kukiweka mahali pa baridi. Kikuba lakini kina lugha yake, na mwanamme akimpa mwanamke asiye mkewe, au kinyume chake, watu watasoma zaidi ya siku ya kuzaliwa. Rafiki mwanamme mfanyie kashata za nazi, au yale yale mafuta, ukitia karafuu kavu na vijiti vya mdalasini badala ya langilangi.

Kwa kufungia, kipande cha khanga hupendeza kuliko karatasi yoyote, na aliyepewa hubaki na kitambaa cha kutumia. Soma jina la khanga kabla hujakata, kwa kuwa majina mengi ni vijembe, na zawadi iliyofungwa kwa kijembe itahitaji maelezo marefu. Ikiwa jina ni zuri, likate pamoja na kitambaa, ulikunje lije juu ya fundo, ili liwe la kwanza kusomwa.