Kabla hujakubali injini imekufa: mambo ya kuzingatia ukipima kompresheni nyumbani

Kompresheni ni mgandamizo wa hewa pistoni inapoibana ndani ya silinda, na geji yenye mshale inayofungwa kwenye tundu la plagi ndiyo huusoma. Betri iwe imejaa. Stata ikizunguka kivivu, namba zote zitashuka na utahangaika na ugonjwa usiokuwepo. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu Mbeya betri nyingi huamka zimechoka, kwa hiyo ichaji kwanza.

Washa injini ipate joto la kazi, kisha zima. Pulizia vumbi kuzunguka plagi kabla ya kuzifungua, maana mchanga ukidondokea ndani utakwangua ukuta wa silinda. Toa plagi zote, hata kama unataka kupima silinda moja tu. Gia huru, hendibreki juu.

Kata cheche, kata petroli. Chomoa soketi za koili na fyuzi ya pampu ya mafuta. Usiruke hatua hii kwa sababu una haraka: petroli ikirushwa kupitia matundu ya plagi huku cheche inaruka jirani, umewasha moto chini ya boneti.

Funga geji kwa mkono, na mtu wa pili akanyage mafuta mpaka chini wakati stata inazunguka. Hewa isipoingia vizuri, pistoni haina cha kubana. Zungusha mpaka mshale uache kupanda, kisha kila silinda uipe mizunguko ileile. Andika namba kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Sasa namba zenyewe. Hapa ndipo watu wa nyanda za juu tunapoliwa fedha.

Mama mmoja jirani yangu hapa Uyole, mfanyabiashara wa viazi, alinunua gari dogo la mizigo Dar es Salaam. Lilipofika huku likawa linapanda Mlima Nyoka kwa shida. Kijana fundi akapima kompresheni ya silinda nne, kwa PSI (kipimo cha mgandamizo): 148, 150, 147, 150. Kitabu cha mtengenezaji kinasema 180. Akamwambia, “Mama, injini hii imekwisha. Tafuta nyingine kabla haijakuachia njiani na mzigo.” Mama akauza ng’ombe, ikaletwa injini ya mtumba, ikafungwa. Gari likapanda mlima kwa shida ileile. Ndipo alipotaka na hiyo injini mpya ipimwe mbele yake. Ikasoma 149. Kilichokuwa kinalivuta gari nyuma ni breki za nyuma zilizoshika. Ukigusa rimu baada ya safari fupi, unaunguza vidole. Ng’ombe alikuwa ameshaliwa.

Ile injini ya kwanza haikuwa na tatizo. Namba ya kitabu ni ya hewa ya pwani. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Pistoni inabana hewa iliyokuwa nyepesi tangu mwanzo, kwa hiyo 180 ya kitabu huku inakuwa karibu 148. Iringa mjini hasara ni ndogo kidogo kuliko hapo, na Njombe, inayokaribia mita 2,000, unapoteza kama moja ya tano. Fanya hesabu hiyo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote.

Tena tazama silinda zinavyolingana. Zikiwa zimekaribiana, na ya chini haijapungua zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya ile ya juu, iache injini ipumzike, tafuta ubovu kwingine. Silinda moja ikiachwa mbali na wenzake, hapo kuna jambo.

Dondoshea oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la silinda hiyo, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi za pistoni zimechoka au silinda imelika. Isipopanda, fikiria valvu, na kabla ya kukubali silinda hedi ifunguliwe, hakikisha nafasi za valvu zimepimwa. Valvu isiyofunga mpaka mwisho huvujisha, na gharama ya kuirekebisha ni ndogo sana kuliko ya oveholi, yaani kufungua na kukarabati injini nzima. Silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi imepasuka kati yake. Zote zikishuka kwa pamoja na kwa kiasi kikubwa, rudi kwenye betri, geji na ule mguu wa kukanyaga mafuta, kisha kagua kama mkanda wa taimingi haujaruka jino.

Injini ya dizeli usiiguse kwa geji ya petroli. Kompresheni yake hupita PSI 300, geji itapasuka mkononi mwako, na usiimwagie oili kama nilivyoeleza juu.

Rejeta ya moto usiifungue. Watoto wakae mbali na feni na mikanda. Plagi zirudishe kwa vidole kwanza, spana baadaye, na kila mmoja wa nyumbani ajue funguo iko mfukoni mwako mpaka umalize. Na ukienda kununua injini ya mtumba, iwe Mwanjelwa au kwingine, nenda na geji yako, pima ukiwa hapohapo, na fedha ibaki mfukoni mpaka uone mshale umesimama wapi kwenye kila silinda.